Mvinyo mwekundu wa Dodoma: historia ya zabibu isiyoweza kusubiri

Katika maduka ya Kasese na Bwera, chupa ya mvinyo mwekundu aghalabu hutoka mbali. Nyingi huwa zimesafiri kutoka Afrika Kusini hadi bandari ya Mombasa, kisha zikapanda malori kupitia Kampala hadi magharibi mwa Uganda. Wanywaji wachache wa hapa wanajua kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki uko mkoa unaopanda mizabibu, unaokamua zabibu na kujaza chupa zake wenyewe. Mkoa huo ni Dodoma, katikati ya Tanzania. Zabibu yake nyekundu inayojulikana zaidi imechukua jina la kijiji, nayo huitwa Makutupora.

Wasikilizaji wetu Waislamu hawana haja ya mvinyo. Hata hivyo historia ya Dodoma inawahusu wao pia, maana ni historia ya zao na kiwanda chake. Mkulima wa pamba aliyewahi kupeleka mzigo kwa chama cha ushirika cha Nyakatonzi, au mkulima wa kahawa wa Kyarumba, atayatambua mengi yanayosimuliwa hapa.

Majina yenyewe yana historia. Neno mvinyo lilifika pwani na Wareno, ambao kwao ni vinho. Divai, neno linalosikika zaidi makanisani, limetokana na Kifaransa. Zabibu ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni tunda lililokaushwa. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliijua zabibu kavu iliyokuja katika majahazi kabla ya kuliona tunda lenyewe likining'inia mtini.

Divai ya altare

Mizabibu ya Dodoma ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wakati wa utawala wa Waingereza, na misheni inayotajwa mara nyingi ni Bihawana, nje kidogo ya mji. Sababu yao ilikuwa ya ibada. Sheria ya Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 924 ya mwaka 1983 ambayo inaendeleza desturi ya kale, inaagiza kwamba divai ya Misa itokane na tunda la mzabibu, iwe ya asili na isiwe imeharibika. Mvinyo wa ndizi haukubaliki, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Vivyo hivyo mvinyo wa nanasi au wa matunda ya pasheni.

Agizo hilo lina uzito hapa kwetu. Milima ya Rwenzori ina migomba mingi, na ng'ambo ya mpaka, kuanzia Kasindi hadi Butembo na Bukavu, pombe ya ndizi iitwayo kasiksi ni kinywaji cha kila siku. Lakini padri anayesali Misa katika parokia ya mlimani hana budi kungoja divai iliyotengenezwa kwa tunda lisiloota kwake. Wamisionari wa Dodoma walikuwa na shida hiyohiyo, ila wao walikuwa na ardhi iliyoweza kuitatua.

Kutoka katika bustani za misheni, vipandikizi vilienda kwa majirani. Baada ya uhuru, mashamba ya taasisi za umma, yakiwemo ya gereza la Isanga, yalisaidia kulieneza zao hili. Kwa Wagogo, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele katika nchi iliyozoea njaa, mzabibu ulikuwa mgeni asiyelika ugalini. Walioupokea waliupokea kwa sababu moja tu. Ulivumilia ukame na ulileta fedha.

Kwa nini Dodoma

Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni kidogo, wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Usiku wa Juni na Julai huwa na baridi, mchana huwa na jua kali. Mzabibu hupenda hali hiyo. Jua hujaza sukari katika tunda, ubaridi wa usiku huhifadhi ukali wake, na hewa kavu huzuia ukungu.

Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa majira ya baridi, hupukutisha majani na kuamka masika. Dodoma haina majira ya baridi ya aina hiyo, kwa hiyo mkulima huulaza mmea kwa mkono wake. Hupunguza maji, kisha hupogoa. Baada ya kupogolewa mzabibu huchipua, hutoa maua, na miezi michache baadaye huzaa. Kwa kupogoa mara mbili, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kiangazi, mnamo Agosti na Septemba, na mavuno ya masika, mnamo Februari na Machi.

Mavuno haya mawili hayalingani, na hapa ndipo penye tofauti kati ya mvinyo wa kawaida na mvinyo bora. Zabibu za kiangazi huiva kwenye hewa kavu, zikiwa na sukari nyingi na ganda zito. Zabibu za masika hunyeshewa. Maji huzidi ndani ya tunda, na ugonjwa wa ubwiri hushambulia majani na vichala. Mtengenezaji anayetaka chupa ya heshima huanza kuitafuta katika zabibu za kiangazi, na pengine ingefaa wanunuzi nao waanze kuulizia jambo hilo.

Je, Kasese ingeweza? Swali hili huulizwa, na si la kipuuzi. Bonde la Kasese, kuelekea Katwe na Ziwa Edward, ni kavu na lenye joto kuliko sehemu nyingi za Uganda. Lakini mstari wa ikweta unapita Kikorongo, na mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka. Mzabibu ulioko ikweta hautulii. Kabla haujamaliza kuzaa, mvua nyingine imeshaanza. Inawezekana kuotesha mizabibu michache uani na kula matunda yake. Kulisha kiwanda ni jambo jingine.

Kiwanda kinapokufa

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma. Mkoa uliokuwa ukitajwa kwa njaa ukaanza kutazamwa kwa jicho jipya, na zabibu ikawa zao la kujivunia. Serikali ikawa na kampuni yake ya mvinyo, Dodoma Wine Company, iliyojulikana kwa kifupi kama DOWICO. Huko Makutupora, kaskazini ya mji, kikawekwa kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Mvinyo wa Dodoma ukaingia katika baa za Dar es Salaam, na jina la Dompo likawa maarufu kiasi cha kutumiwa na baadhi ya watu kuita mvinyo wowote wa huko.

DOWICO haikudumu. Katika miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma ya Tanzania yalipokuwa yakibinafsishwa au kufungwa moja baada ya jingine, kiwanda kilisimama. Mizabibu haikuwa na habari. Iliendelea kuzaa.

Wakazi wa Kasese wana mfano wao wa kiwanda kilichokufa. Huko Katwe bado yapo mabaki ya kiwanda kikubwa cha chumvi kilichojengwa kwa fedha za Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1970. Maji ya ziwa yaliyakula mabomba, na kiwanda kikaacha kufanya kazi muda mfupi baada ya kuzinduliwa. Wachimba chumvi wakarudi kwenye viwanja vyao, wakaendelea kuvuna kwa mikono kama walivyofanya babu zao. Waliweza kurudi kwa sababu chumvi hungoja. Asiyepata mnunuzi leo ataipata chumvi yake palepale kesho.

Zabibu haingoji. Ikishakatwa mtini, katika joto la Dodoma, inapaswa kukamuliwa siku hiyohiyo au kesho yake. Baada ya hapo ganda hupasuka, chachu ya mwituni huanza kazi, nyuki na nzi hufika, na mzigo huanza kunuka siki. Wakulima wa kahawa wa Rwenzori wanaijua haraka ya namna hii, maana kahawa ya kuoshwa hutakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa. Lakini mkulima wa kahawa ana mlango wa pili. Akikosa mashine ataianika pamoja na ganda lake na kuiuza kama drugar, kwa bei ya chini. Mkulima wa zabibu za mvinyo karibu hana mlango huo. Tunda lake ni dogo, lina mbegu na ganda gumu, halifai sana kuliwa mezani wala kukaushwa. Zabibu zinazouzwa barabarani mjini Dodoma huweza kumpa fedha ya matumizi, haziwezi kumaliza mavuno ya ekari nzima.

Ndiyo maana kufungwa kwa kiwanda kimoja kuliyumbisha zao zima. Baadhi ya wakulima waling'oa mizabibu iliyokuwa imewagharimu miaka kuilea, wakapanda mazao mengine. Anayelaumu uamuzi huo akumbuke kwamba mzabibu huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri, unahitaji nguzo, waya, samadi na dawa, na mwenye shamba hulipa gharama hizo hata pale ambapo hakuna wa kununua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mambo yalianza kubadilika. Mtaji wa Kiitaliano ulianzisha Central Tanzania Wine Company, CETAWICO, huko Hombolo, kaskazini mashariki ya Dodoma, na mitambo ya kisasa ikaletwa. Watanzania nao wakafungua viwanda vyao. Alko Vintages ni mojawapo ya majina yaliyojulikana. Kampuni kubwa ya vileo ya Dar es Salaam, Tanzania Distilleries, inayotengeneza Konyagi, nayo ikanunua zabibu za Dodoma kwa mvinyo wake. Katika Wilaya ya Chamwino lilianzishwa shamba la pamoja la Chinangali, ambako wakulima wadogo walipata umwagiliaji wa matone kwa mkopo wa benki. Pamoja na Makutupora nyekundu zilipandwa aina zenye majina ya Kifaransa: Chenin blanc kwa mvinyo mweupe, Syrah na Cabernet sauvignon kwa mwekundu. Leo, zinapotajwa nchi zinazotengeneza mvinyo wa zabibu kusini mwa Sahara, Tanzania mara nyingi hutajwa mara baada ya Afrika Kusini. Kenya ina mashamba madogo huko Naivasha, na Ethiopia ina mashamba makubwa ya Ziway.

Jinsi wekundu unavyopatikana

Ukikamua zabibu nyekundu ukatazama maji yake, utashangaa. Karibu hayana rangi. Wekundu wote uko katika ganda. Kwa sababu hiyo mvinyo mweupe hutengenezwa kwa kukamua na kuyatenga maganda mapema, ilhali mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki mbili. Katika siku hizo maganda huelea juu kama povu zito, na mfanyakazi huyasukuma chini au huyanywesha kwa pampu mara kadhaa kwa siku ili yatoe rangi. Hutoa pia tanini, ile hali ya kukausha ulimi ambayo mnywaji wa chai iliyokolea anaifahamu.

Chachu hula sukari na kutoa alkoholi. Hesabu yake ni rahisi: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Mchuzi wenye gramu 220 kwa lita utatoa mvinyo wa karibu asilimia 13. Zabibu iliyovunwa mbichi kwa sababu mkulima aliogopa wezi, au kwa sababu lori limekuja leo na halitarudi, haina sukari hiyo. Kiwanda basi hulazimika kuongeza sukari ya dukani, na mvinyo huo ukifika mdomoni hujitangaza wenyewe.

Adui mkubwa wa Dodoma ni joto. Uchachukaji wenyewe huzalisha joto, na likipita nyuzi 30 kwa kiasi kikubwa, harufu ya tunda huondoka na chachu yenyewe huweza kufa kabla ya kumaliza sukari. Matangi ya chuma cha pua yenye mfumo wa kupoza, na umeme usiokatika, ni mambo ya lazima.  Kiwanda cha kisasa hutumia mitambo, na umeme unapokatika usiku wa Septemba, mavuno ya msimu huwa mashakani.

Uchachukaji ukiisha, mvinyo hutenganishwa na maganda na kuachwa utulie. Mwingine hujazwa chupani baada ya miezi michache, ungali na ladha ya tunda. Ule unaokusudiwa kuuzwa ghali huwekwa katika mapipa ya mwaloni, miti ya Ulaya au Marekani, ambayo huupa harufu ya vanila na moshi na kuilainisha tanini. Pipa ni ghali, huchukua nafasi, na hulifungia fedha za mwenye kiwanda mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo mvinyo uliokaa pipani ni mvinyo wa mtu mwenye uwezo wa kungoja. Kwa kawaida wakulima hawako katika kundi hilo.

Makutupora nyekundu ina rangi nzito na huzaa kwa wingi. Wingi huo ndio sifa yake na ndio kasoro yake, kwani mti unaobeba vichala vingi hugawanya sukari na ladha kwa wote. Mkulima anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kupunguza vichala ili vichache vilivyobaki viwe bora. Kiwanda kinachotaka ubora kinapaswa kulipia sukari, si uzito pekee. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mvinyo bora wa Dodoma utakapopatikana au kukosekana, kabla hata ya kufikiria mapipa.

Tangi la kijiji

Baada ya misimu ambayo zabibu zilioza zikingoja malori, wakulima na wasindikaji wadogo walitafuta dawa ya tatizo lenyewe. Walianza kukamua karibu na shamba. Huko Dodoma maji ya zabibu yaliyokamuliwa huitwa mchuzi, na mchuzi uliowekwa kwenye matangi safi, ukapewa dawa ya kuzuia uharibifu, unaweza kuuzwa kwa viwanda vikubwa baadaye. Tangi linampa mkulima kile alichokinyimwa na tunda, yaani muda. Mwenye mchuzi tangini anaweza kupatana bei. Mwenye zabibu juani anapokea anachopewa.

Mchuzi nao una mipaka yake. Viwanda vikubwa vikiwa na mchuzi wa kutosha, au vikipata mchuzi mzito wa bei nafuu kutoka nje ya nchi, tangi la kijiji hubaki limejaa, na mavuno yajayo hukosa pa kuwekwa. Serikali ya Tanzania ilijaribu kuziba mwanya huo kwa kodi. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo sana ukilinganishwa na ule wa mvinyo mwingine. Uganda nayo hutofautisha mvinyo uliotengenezwa kwa malighafi za ndani na ule usio wa ndani, na ndiyo nafuu wanayoitegemea watengenezaji wa mvinyo wa ndizi, nanasi na pasheni nchini humu.

Kwa mfanyabiashara wa Bwera, jambo hilo lina upande wa pili. Bidhaa iliyotengenezwa Tanzania, ikiwa na cheti cha uasilia cha Jumuiya, huingia Uganda bila ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa, hata hivyo, hulipwa hapa, na mbele ya sheria ya Uganda zabibu ya Dodoma si malighafi ya ndani. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na mpaka wa Mpondwe na Kasindi upo mlangoni petu. Chupa inayoshuka kutoka Dodoma kuelekea Beni na Butembo ingepita barabara hii hii. Kwa sasa barabara hiyo inafahamika zaidi kwa samaki, saruji, mbao na kahawa.

Atakayeikuta chupa ya Dodoma dukani asome lebo yake kabla ya kulipa. Kiwango cha alkoholi cha asilimia 12 hadi 14 ni cha mvinyo wa kawaida wa mezani. Kikifika asilimia 16 au zaidi, mara nyingi mvinyo huo umeongezewa pombe kali, na pengine sukari pia, nao huwa kinywaji cha aina nyingine. Lebo ikiandika aina ya zabibu na mwaka wa mavuno, mtengenezaji ameweka wazi kitu ambacho angeweza kukificha. Mvinyo mwekundu wa nchi za joto hunyweka vizuri zaidi ukipozwa kidogo, si kwa barafu bali kwa kuwekwa mahali penye ubaridi kwa nusu saa, na chupa ikishafunguliwa isibaki zaidi ya siku tatu au nne, maana hewa huigeuza siki.